Pistoni ya Marehemu Maige

"Funga, mwanangu," Mzee Abdillah aliniambia. "Rudisha nati zako, uifunge."

Nilikuwa nimeinamia meza ya mbao kwenye baraza la nyuma, nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, grisi imenifika viwikoni. Mbele yangu injini ya skuta ya baba ilikuwa imelala ubavu kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Nilishaondoa shavu la kulia la bodi, nikashusha injini, nikafungua kabureta, nikang'oa plagi. Nati nne za kifuniko cha silinda zilikuwa ndani ya kopo la majarini. Ilibaki kuvuta silinda tu. Tangu anipokee karakanani kwake nikiwa na miaka kumi na minane, sijui hata spana namba kumi ikoje, mzee huyu hakuwahi kuniambia nifunge injini kabla sijauona ugonjwa wake. Yeye ndiye aliyekuwa akisema kwamba injini iliyofungwa bila kuonwa ni maiti iliyozikwa bila kuoshwa.

"Nifunge kwa nini?"

"Kutu. Kutu imeshakula. Utaipasua silinda bure, na mji mzima hupati nyingine."

Alisimama juani, hakutaka kuingia barazani. Nyuma yake, kule ziwani, vijidudu vilikuwa vimepanda juu ya maji, wingu zito jeusi linalosogea taratibu kuelekea nchi kavu, na wanawake wa jirani walishaanza kuanua nguo. Nikamcheka mzee. Mimi ni mwepesi wa kucheka, na wa kukasirika ni mwepesi zaidi.

"Mtani, umezeeka," nikamwambia. "Mzaramo akianza kuogopa kutu, ujue siku zake za kurudi pwani zimefika."

Siku nyingine angenijibu. Angesema sisi Wasukuma tunajua ng'ombe tu, chuma tumekionea kwake. Siku ile alinitazama, akaitazama injini, akaondoka bila kuaga.

Ilikuwa Novemba, miaka miwili iliyopita. Ndani, katika chumba kinachotazama baraza, mama yangu Dorotea alikuwa ameegemezwa mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Moyo ulikuwa umechoka, miguu imemvimba. Daktari alituambia tumpe chochote atakachotamani kula, nasi tukaelewa. Yeye alielewa kabla yetu. Aliniita, akaniachia wosia wa mambo mawili. La kwanza, azikwe Mkolani kwa kaka zake, si Kisesa kando ya baba. La pili, skuta iliyofungiwa stoo wapewe watu wa vyuma chakavu, ili asife ikiwa bado nyumbani kwake.

"Sitalala ubavuni mwa mwongo," alisema. "Nimelala naye miaka kumi na saba, inatosha."

Nilimwitikia yote mawili, kisha nikalikaidi lile la pili. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za mitumbwi kule mwaloni, wanakotia nanga wavuvi, na mashine zile ni ndugu wa skuta ya baba, zote hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Nilijiambia nataka kuisikia ikiunguruma mara moja tu kabla hawajaipiga nyundo. Lakini lililokuwa likinila ni lile la kwanza. Mke akizikwa mbali na mumewe, watu huuliza, na jibu la swali lile lingesimuliwa Kisesa mpaka wajukuu zangu. Nilimpenda baba yangu. Sikutaka mama aende kaburini akiwa amemfungia mlango, na sikuwa na neno hata moja la kumtetea.

Baba, Maige, alikuwa bwana shamba wa pamba. Alikuwa pia mlevi wa miaka mingi, mlevi wa kuomba msamaha asubuhi. Pasaka ya mwaka 1999 aliweka nadhiri mbele ya padri kwamba pombe haitagusa tena ulimi wake, na mama akaanza kumwamini pole pole, kama mtu anayekanyaga daraja bovu. Miaka miwili ilipita. Julai mwaka 2001, mchana kweupe, barabara kavu na tupu, skuta ilimwangusha kwenye kalavati mbele kidogo ya Kisesa akiwa anakwenda Magu. Alivunjika shingo. Mama alipokabidhiwa nguo zake, shati lilinuka gongo. Mfuko wa koti ulikuwa na vipande vya chupa. Walioandika taarifa ya ajali waliandika walichokinusa.

Utani ndio uliomalizia mengine. Sisi na Wazaramo ni watani, na mtani ana kazi yake msibani: anachekesha wafiwa, anajilaza njiani jeneza lisipite mpaka apewe kuku, anamwigiza marehemu mpaka watu wasahau kulia. Chochote atakachofanya hakasirikiwi. Anayemkasirikia mtani msibani ndiye anayeonekana hana adabu. Abdillah alizaliwa hapa hapa Mwanza, mtoto wa mfanyakazi wa reli aliyekuja kutoka pwani, na yeye na baba walitaniana kwa miaka ishirini. Baba aliwahi kumfungia mbuzi wawili ndani ya karakana, wakala mpaka kalenda ukutani. Abdillah naye alimshonea baba mifuko yote ya suti asubuhi ya ubatizo wa mdogo wangu, sadaka ilipofika kwake akabaki anajipapasa. Mzaha mzaha hutumbua usaha, tunasema, halafu tunaendelea na mizaha yetu.

Basi pale Kisesa, kabla ya maziko, Abdillah alitokea nyuma ya nyumba amevaa kofia ngumu ya baba na buti zake za shambani. Akakaa juu ya kigoda kama amepanda skuta, akaanza kuendesha. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akapiga kwikwi, akawapigia saluti ng'ombe wa jirani: "Pisheni, waheshimiwa, bwana shamba anapita." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mimi nilicheka. Mama peke yake, pale mkekani, alimtazama mpaka mwisho. Kisha akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaenda kuosha vyombo. Hakulia siku ile wala baada yake. Tangu hapo, mtu akitaka kujua Maige alikufaje, aliigiziwa kigoda kile.

Miaka miwili baadaye, nilipokosa nafasi ya kuendelea na masomo, Abdillah ndiye aliyenipokea karakanani na kunifundisha kila anachokijua. Msichana kushika spana lilikuwa jambo la kuchekesha mtaa mzima, naye aliwajibu waliocheka. Nilidhani utani umegeuka undugu.

Kesho ya siku ile aliyoniambia nifunge injini, mzee alirudi. Na keshokutwa yake. Silinda ilikuwa imegoma. Nilikuwa naimwagia mafuta ya taa yaliyochanganywa na ya breki, naiacha inywe, naigonga taratibu kwa gogo. Mzee alisimama pale pale juani.

"Imetoka?"

"Bado."

Anaondoka. Siku ya nne alisema nimpelekee yeye injini, ana chombo cha kuvutia. Nikasema nitaivuta mwenyewe, asante. Akarekebisha baraghashia, akaondoka. Mama naye aliuliza kutoka dirishani nani anakuja kila siku asiingie hata kumjulia hali. Nikamwambia ni mtani. Akasema, "Mwambie aje kunisalimia, au ananisubiri nife aje kuniigiza." Nilimpelekea Abdillah maneno hayo kwa kicheko. Uso wake ulibadilika, na usingizi wangu wa siku zile ukaanza kuharibika, ingawa sikuwa na sababu ninayoweza kuitaja.

Ijumaa nilitoka mwaloni alasiri, nikakuta meza tupu.

"Mtani wako kaja na bajaji, kabeba chuma chako," mama alisema kutoka ndani. "Kasema ni utani, ukikomboe kwa jogoo."

Hiyo ilikuwa haki yake. Mtani huchukua, nawe hukomboa. Nilikuwa naanza kucheka nikaliona kopo la majarini. Lilikuwa palepale mezani, na nati zote nne ndani. Mzee yule hajawahi kubeba injini ya mtu akaacha nati zake. Aliyeacha nati hakuwa na nia ya kuifunga tena.

Nilikamata jogoo wetu mwekundu, nikambana mbawa kwapani, nikaenda naye kwa miguu mpaka karakanani. Mlango ulikuwa umerudishiwa. Nikausukuma. Abdillah alikuwa amekaa sakafuni peke yake, injini katikati ya miguu yake, na silinda ilikuwa imeshatoka. Pembeni mwake kulikuwa na karatasi mbili za msasa, mpya, hazijaguswa.

"Nilitaka nione mimi kwanza," alisema. Hakuniangalia. "Nikasema nitaisugua, ikujie safi. Mkono umekataa."

Nilichuchumaa, jogoo bado kwapani. Haikuhitaji taa. Upande wa kutolea moshi pistoni ilikuwa imeyeyuka na kujipaka kwenye ukuta wa silinda. Mistari mirefu ya kung'aa kutoka juu hadi chini, ringi zimezama ndani ya chuma. Kutu hula kote kote, haichagui upande wala haichori mistari. Ugonjwa ule naujua, nimeuona kwenye mashine nyingi za mitumbwi, na aliyenifundisha kuusoma alikuwa amekaa mbele yangu. Pistoni ilikuwa imekauka, ikauma silinda injini ikiwa mbioni, na gurudumu la nyuma likasimama ghafla kama limefungwa kamba. Dereva asingeweza lolote, awe mlevi au padri.

"Petroli kavu," nikasema.

"Petroli kavu."

"Baba hakuwahi kusahau oili."

"Hakusahau, mwanangu. Mimi ndiye niliyemnyima."

Akaniambia. Baba alikuwa na kawaida ya kununua petroli Kisesa na kuichanganya palepale, kwa oili aliyoibeba katika chupa bapa ndani ya kisanduku cha skuta. Asubuhi ile alipita karakanani kujaza upepo, akaenda kunywa chai kwa jirani. Abdillah akaimwaga oili, akajaza gongo. Yeye, Mwislamu, alikwenda kuinunua gongo mwenyewe na kuificha ndani ya kanzu, kwa ajili ya mzaha. Alitaka baba afungue chupa mbele za watu, harufu impige usoni, mtu wa nadhiri na chupa ya gongo mkononi.

"Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini," alisema. "Hapa hapa nilipokaa."

Aliyeuza petroli ile ndiye aliyemsimulia yaliyobaki, pembeni, siku ya maziko. Baba alifungua chupa, akanusa, akacheka. Hakuonja. Akasema, Mzaramo huyu ameniweza, Jumapili atanikoma. Akaitia chupa katika mfuko wa koti, iwe ushahidi. Oili ya kuchanganya haikuwepo pale siku ile, naye alikuwa akisubiriwa na wakulima. Petroli mpya ilishamiminwa; akaona ile iliyokuwa imebaki tangini ina oili yake, itamsogeza mpaka Magu mjini. Nyuma alikuwa amefunga gunia la mbegu. Haikumfikisha hata kilomita saba.

"Ulijua," nikasema. "Umekaa kwenye kigoda kile unajua."

"Watu walisema, mtani, igiza. Harufu ilikuwa imenitangulia, kila mtu ameshaamua. Ningeigiza kweli, ningejiigiza mimi." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono, grisi ikampaka. "Nikasema nitamwambia mama yako arobaini ikipita. Ikapita. Nikasema ukimaliza shule. Halafu ukaja kwangu unataka kazi."

Nilitaka kumpiga. Nalisema kama lilivyokuwa: nilitaka kuchukua ile silinda na kumpiga nayo mzee wa miaka sabini. Nikakuta hakuna pa kuanzia. Mtani hakasirikiwi, na kila nilichokuwa nacho mikononi, ufundi wangu, ugali wangu, hata namna ninavyoshika nyundo, kilitoka kwake. Jogoo akanipara ubavuni, nikamwachia. Akakimbilia chini ya benchi.

"Amka. Unakwenda kumwambia mama mwenyewe. Leo."

"Moyo wake utaweza?"

Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa na hasira tu, nikajibu haraka: "Umeweza uongo miaka ishirini na miwili, hautashindwa na kweli." Jibu lile nimeligeuza kichwani siku nyingi tangu hapo, na bado sijui kama lilikuwa la mtoto anayempenda mama yake.

Injini ile leo inawaka kwa kiki ya pili. Fundi wa mashine ya kuchonga aliipanua silinda, nikaipatia pistoni ya saizi ya juu yake iliyotoka kwenye skuta iliyokufa Bukoba, nikabadili beringi na kila kilichokuwa cha mpira. Watu wa mwaloni huja kuisikiliza, wanasema ina sauti nzuri. Sijawahi kuivusha nje ya Ilemela. Mama hakuisikia. Aliishi siku kumi na moja baada ya Ijumaa ile.

Jioni ile ya Ijumaa tulimkuta mama ameketi, anatazama ziwa. Abdillah hakukubali kiti. Alikaa chini kando ya kitanda, akavua baraghashia, akasema yote kwa mpangilio, bila kupunguza na bila kujitetea. Nilisimama mlangoni na pistoni mkononi, namtazama mama kifua kinavyopanda na kushuka, nikihesabu pumzi zake. Katikati ya maneno midomo ya mama iligeuka rangi. Nikasogea, akaniinulia kidole nibaki nilipo.

Alipomaliza, mama alijiinua kidogo mitoni.

"Hakuonja?" mama akauliza.

"Hakuonja, shemeji. Wallahi hakuonja."

"Alicheka?"

"Alicheka. Yule mtu alisema alicheka mpaka akashika tangi."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kama anayekisikia kicheko chenyewe. Akaninyooshea mkono, nikampa pistoni. Akaipapasa ile mistari kwa kidole gumba, akaiweka juu ya mto. Kisha akaanza kuivuta mito mgongoni mwake, mmoja mmoja.

"Niteremshe."

"Mama, daktari alisema—"

"Kija. Niteremshe chini."

Nilitandika mkeka. Tulimshusha, mimi upande mmoja na Abdillah upande wa pili, na uzito wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Akavua hereni. Akafungua kilemba, nywele zake nyeupe zikatoka. Akanyoosha miguu yake iliyovimba mbele yake, kama wanavyokaa waliofiwa. Abdillah alikuwa akilia waziwazi, akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mama akamuuliza.

"Nakupisha, shemeji."

"Kaa. Tangu lini msiba wa Msukuma ukakosa mtani?"

Akakaa pale pale kizingitini, kichwa mikononi. Mama akanigeukia, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeniagiza chumvi, kwamba yeye nitamlaza Kisesa, na nisimsikilize mjomba yeyote wa Mkolani. Halafu akafunga macho, na ile sauti ikatoka. Nilikuwa na miaka thelathini na minane na sikuwahi kumsikia mama yangu akilia. Ilianzia chini, ikapanda, ikapasua dirisha kwenda mpaka barabarani. Maige we, alisema, Maige we, nilikunusa tu, sikukuuliza.

Kilio kile Pasiansi hakipuuzwi. Nilisikia malango yanafunguliwa, kandambili zinakimbia. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu Bernadeta, mikono ina unga, kanga hajamaliza kuifunga. Akamruka mzee pale kizingitini, akamwona mama mkekani, akamwona yu hai, akanigeukia mimi.

"Kija, nani amefariki?"

"Baba," nikamwambia.

Bernadeta ni jirani yetu wa miaka kumi na tano. Anajua vizuri kwamba baba yangu yuko kaburini tangu zamani. Alinitazama kidogo. Kisha akavua kandambili, akaziweka mlangoni, akaingia akakaa mkekani kando ya mama.